Kila Mtu na Mrija Wake

Hilaria Sebastiani Kazumba, binti wa Sebastiani aliyepanda nguzo za simu kutoka Sumbawanga mpaka upande wa Mwimbi, mjukuu wa Kazumba aliyelinda pumzi ya tanuru. Ukitaka kumjua mama huyu anzia huko juu, kwa sababu yeye mwenyewe huanzia huko.

Kazumba wa kwanza alikuwa mtu wa ilungu, lile tanuru refu la udongo lililoyeyusha chuma Ufipa bila mtu kuvuta mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa mabomba ya udongo yaliyozunguka tako la tanuru, na kazi yake ilikuwa kuinama kwenye kila bomba na kusikiliza kama linapumua. Bomba moja likiziba, upande ule unapoa, na chuma kinatoka kina madonge kama ugali wa bi harusi. Husemwa katika ukoo kwamba hakuna jembe lililoharibika yeye akiwapo. Mwanawe Sebastiani hakuyakuta matanuru, majembe ya dukani yalikuwa yamekwisha kuingia. Akaajiriwa posta, akavuta waya juu ya miinuko ile yenye upepo usio na haya, na alipokufa waliomwosha walikuta alama ya mkanda wa kupandia nguzo imebaki kiunoni kama shanga.

Hilaria alimaliza darasa la saba, akaketi mbele ya ubao wa simu. Vijana wa leo hawaujui. Ulikuwa ubao wenye matundu, na kamba zenye vichwa vya shaba, na mtu akitaka kusema na Mbeya au Tabora ilikuwa lazima apite mikononi mwa Hilaria. "Namba, tafadhali," alikuwa akisema, na sauti yake ilijulikana mkoa mzima kuliko sura yake. Aliyaona mengi pale. Aliona njia za kwenda nje zikiwa chache na watu wengi, na kila mara bwana mkubwa akipiga, mnyonge alichomolewa. Kuna mama mmoja kutoka Muze aliyekaa kwenye benchi la posta na kitenge chake kichwani akingoja kumwambia mumewe kwamba mtoto amelazwa. Kila akikaribia, njia ilichukuliwa na wenye vyeo waliokuwa wakiulizana habari za mifuko ya saruji. Alipopata njia, habari ya kusema ilikuwa imebadilika.

Hilaria hakuwa na amri pale. Lakini aliondoka na neno moja moyoni: siku nikiwa na ubao wangu, kila mtu atapata zamu yake, mkubwa kwa mdogo.

Ubao wake aliupata uzeeni. Simu za mkononi zilipowafukuza akina Hilaria kazini, alifungua nyumba ya intaneti nyuma ya soko la Sumbawanga. Kompyuta zimepangwa ukutani, mashine ya fotokopi karibu na mlango, na juu ya rafu, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, kimekaa kisanduku chenye taa kinachoitwa ruta. Ruta ndiyo inayopokea maombi ya kompyuta zote na kuyatoa nje. Kwanza yalitoka kwa njia moja tu, waya wa faiba. Faiba ni mwepesi, lakini kila barabara ikichimbwa unakatwa. Hilaria akaongeza modemu ya laini ya simu, hiyo inategemea mnara, na mnara huchoka watu wakiwa wengi. Mwisho akanunua dishi la setilaiti, akalisimika juu ya bati. Dishi halijui barabara wala mnara, ila wingu zito likipita linanuna. Njia tatu za kutokea, kila moja na tabia yake, kama wake wenza.

Fundi aliyeziunganisha alikuwa Edwin, kijana wa Mwimbi aliyesomea kazi hiyo chuoni na anayeifahamu barabara. Alipomaliza alimuuliza, "Mama Monika, hizi njia nizigaweje?"

"Kwa zamu," akasema Hilaria. "Ombi la kwanza faiba, la pili modemu, la tatu dishi, halafu tunarudi mwanzo. Kama kata ya togwa inavyozunguka shambani. Hakuna wa kuachwa, hakuna wa kupendelewa."

Edwin alijikuna kisogo. "Inawezekana, mama. Lakini zamu ya namna hiyo ina matatizo. Mtu mmoja akifungua ukurasa mmoja, maombi yake yanatawanyika, moja huku, jingine kule. Kuna wanaopokea huko mbele hawapendi..."

"Edwin mwanangu, nimegawa njia za simu mkoa huu wewe hujazaliwa, na mama yako yuko shule. Weka zamu."

Akaweka. Hata kama ungekuwa wewe, ungeweka.

Basi nyumba ikaendelea. Wateja walikuja, wakalalamika kidogo, kwamba benki imewatoa, kwamba wameingiza nenosiri wakaambiwa waanze upya. Hilaria aliwajibu kwamba vidole vyao vizito. Sharon, binti wa kaka yake, aliyekuwa akifanya naye kazi pale, alinyamaza. Sharon ni mtu mzima, ana watoto wawili, na anajua ni lini shangazi yake anaweza kuambiwa kitu na ni lini hawezi.

Jioni Sharon hufunga fotokopi na kwenda kwake. Hilaria hubaki. Nyumba anayolala iko nyuma ya duka hilo hilo, ina vyumba vingi kuliko watu. Mumewe, Teodori, alikufa kwa homa alipokuwa akifuata mpunga bonde la Rukwa. Mtoto alikuwa mmoja, Monika. Na Monika yu hai, mzima wa afya, ila ni kama nyota, unaiona lakini huendi kuiomba chumvi.

Monika alikuwa mtawa. Si mtawa wa kufundisha shule au kutibu watu, hao hurudi likizo wakala mahindi ya kuchoma na mama zao. Yeye aliingia shirika la wale wanaofungiwa ndani, wanaosali mchana kutwa na kunyamaza, tena ng'ambo, nchi ya Wahispania. Simu hapigi, isipokuwa siku ya Krismasi, kwa mtandao, na hapo ni maneno machache tu. Alipoaga, Hilaria alikuwa akipepeta ulezi uani. Hakusimama.

"Mama, naondoka. Nibariki."

"Mtoto mmoja hatolewi sadaka. Hata mwenye mbuzi mmoja huachiwa."

"Mama."

"Nenda, gari litakuacha."

Ndivyo walivyoachana, na ungo wa ulezi katikati yao. Miaka ikapita. Krismasi kwa Krismasi waliulizana habari za afya na mvua, na lile la uani halikuguswa na yeyote.

Mwaka huu barua ikaja. Monika anaweka nadhiri za daima. Mwezi wa saba, Jumamosi, karibu na adhuhuri kwa saa za kwetu. Ibada itarushwa moja kwa moja kwenye mtandao kwa ajili ya wazazi walio mbali, na anwani ya kuifungua imeandikwa chini. Barua ilimalizia: "Mama, najua kwetu inavyokuwa. Sikuombi useme kitu. Nakuomba tu uwepo."

Inavyokuwa kwao ni hivi. Katika ukoo wa Kazumba binti akitolewa, kinywa cha kwanza kupiga kigelegele ni cha mama. Si shangazi, si majirani. Mama anapokaa kimya, wengine hufunga midomo, na inajulikana kwamba binti ametoka bila ruhusa ya tumbo lililomzaa. Anaweza kwenda, hakuna wa kumshika miguu. Lakini ametoka vile. Na kigelegele hakingojwi kesho. Kinapigwa neno la ndiyo likiwa bado mdomoni mwa binti.

Hilaria aliisoma barua ile uani, akiwa amesimama safari hii. Kisha akamwambia Sharon, "Habari ya kigelegele nitaijua nikiwa pale." Sharon akaelewa kwamba shangazi yake amekubali, na kwamba asimwambie kuwa ameelewa.

Kuanzia hapo Hilaria alijaribu ile anwani kila Jumapili, kwa kuwa watawa wale hurusha misa yao. Ilifunguka. Akaona kanisa la mawe, mishumaa, vitambaa vyeupe kwa mbali. Halafu picha ikaganda. Ikarudi, ikaganda. Mara ikamwambia kwamba haitambuliki, aingie upya. Akampigia Edwin.

"Mama, ni ile zamu," Edwin akasema. "Kule wanakuona unaongea kutoka nyumba tatu kwa mpigo. Wanadhani wewe ni watu watatu, au mwizi. Niruhusu niibadilishe, kila kompyuta ishike njia moja."

"Halafu atakayeangukia modemu aseme nini mwenzake akiwa kwenye faiba?"

"Atasema imekuwa polepole. Lakini atafika."

"Huo ni upendeleo, Edwin. Nimeukimbia upendeleo tangu posta."

Kijana alicheka kwa heshima, akaachia hapo. Mtu hawezi kumvua mzee nguo yake kwa nguvu, lazima ajisikie joto mwenyewe.

Jumamosi ikafika, na baridi ya mwezi wa saba ya kule juu, upepo unaopita kwenye koti kama hakuna koti. Hilaria alivaa gauni la misa na kitenge kipya, akajifunga kitambaa kichwani kama mama wa harusi. Alifungua duka mapema. Alikuwa amejitengea kompyuta ya pembeni, karibu na dirisha, akaifunika kwa kitambaa cha meza mtu asiikalie.

Kumbe Jumamosi ile ilikuwa pia siku ya mwisho ya maombi ya vyuo. Vijana wote waliomaliza kidato cha sita wa mjini na vijijini, waliongoja mpaka maji yafike shingoni kama desturi ya vijana, walimwagika pale. Viti vikajaa, benchi likajaa, wengine wakasimama mlangoni wakipuliza vidole. Na kabla jua halijapanda vizuri, katapila lililokuwa likitengeneza barabara nje ya mji likakata faiba.

Taa moja kwenye ruta ikawa nyekundu. Zikabaki njia mbili, modemu na dishi, na watu wale wote. Ruta, kwa utii, ikaendelea kugawa zamu: moja huku, moja kule, moja huku, moja kule.

Ndipo makelele yakaanza.

"Imenitoa!"

"Mimi nilishafika kwenye kuchagua kozi, imenirudisha mwanzo."

"Inanitumia namba ya uhakiki, nikiiweka inasema si mimi. Sasa mimi ni nani?"

"Wewe ni Abel wa Muze," mwenzake akamjibu, "hata mtandao umekuona huna akili ya chuo." Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Abel huyo, kijana mrefu mwenye sweta la shule lililombana, alisimama. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Bibi, samahani. Hii intaneti yako ni kama mbuzi wa mnadani, kila mtu anaivuta haendi nayo. Mimi nauli yangu ya kurudi ndiyo hii nimelipia hapa. Leo wakifunga, ni mwaka mzima wa kulima."

"Kulima si aibu."

"Si aibu, bibi. Ila nimeshalima."

Hilaria alikwenda kwenye kompyuta yake ya dirishani, akafunua kitambaa. Ibada ilikuwa imeanza. Aliliona kanisa, akasikia kinanda, kisha picha ikaganda juu ya uso wa padri, mdomo wazi. Akaingia upya. Ikamwambia haitambuliki. Akaingia tena. Vidole vyake, ambavyo havikuwahi kukosa tundu kwenye ubao wa posta, sasa vilikosa herufi.

Alimpigia Edwin. Edwin alikuwa kwao Mwimbi, kwenye shamba la baba yake, watu wamealikana kuvuna, na nyuma yake zilisikika sauti za wanaume walioshiba kinywaji.

"Edwin, faiba imekatwa. Monika yuko kanisani. Watoto wa watu wanatolewa nje. Nifanyeje?"

Edwin hakusema "nilikwambia." Aliyelelewa vizuri hujulikana hapo. Alisema, "Mama, kuna njia mbili. Ya kwanza ya haraka. Nitakuelekeza sasa hivi, dishi lote liwe la kompyuta yako peke yako, wale wengine wote wabaki kwenye modemu na zamu itakuwa imekwisha. Modemu haitawatosha, wengi hawatafika. Lakini wewe utaona nadhiri mwanzo mpaka mwisho."

"Ya pili?"

"Ya pili ni ile niliyokwambia. Kila kompyuta ishike njia moja, ruta yenyewe iangalie wapi kuna nafasi. Ila ruta hiyo ni ya zamani, ukibadilisha mpango huo lazima izimwe iwashwe. Kila mtu atatoka, na wewe pia. Na huchukua muda wake kuamka. Sijui, mama, kama utarudi kabla hajasema neno lake."

Hilaria alitazama benchi. Aliyekaa mwisho alikuwa msichana mmoja mwenye kitenge kichwani, amekumbatia bahasha ya vyeti, hasemi kitu, anangoja tu. Mtu akingoja hivyo hafanani na mwingine yeyote ila na aliyewahi kungoja hivyo.

"Hao kwenu wanakunywa nini?" akauliza ghafla.

"Nini, mama?"

"Hao nawasikia nyuma yako."

"Kimpumu, mama. Pombe ya mavuno."

"Wamekaaje?"

Edwin akacheka polepole, kama mtu aliyeona mlango kwenye ukuta. "Wamezunguka vyungu viwili. Kila mtu na mrija wake."

"Na mtu akitoka kwenye chungu hiki akachomeka mrija kwenye kile, anarudi tena hapa?"

"Ataulizwa kama amerogwa, mama. Ulipoketi ndipo unapomalizia. Anayekuja mgeni ndiye anatafuta chungu chenye nafasi."

"Basi," Hilaria akasema. "Na mimi nilikuwa nagawa kimpumu kama togwa. Kata huzunguka, mrija hauzunguki." Alisema hivyo kwa ukali, kama anayemgombeza mtu mwingine. "Nielekeze hiyo ya pili."

"Mama, una hakika? Monika..."

"Siketi kwenye chungu changu mwenyewe kama bwana mkubwa wa posta. Nielekeze."

Akageuka kwa watu. "Wanangu, hifadhini mlichoandika. Nazima."

Zogo lililotoka pale! Mmoja alishika kichwa, mwingine akasema bora angekwenda kwa jirani, Abel akasema, "Bibi umetuua," na mwenzake akamwambia, "Kaa chini, ulikuwa umekufa tangu asubuhi." Sharon alisimama mbele ya kabati, mikono kiunoni, akiwazuia vijana kama ukuta. Hilaria akafungua kufuli, akabonyeza alivyoelekezwa, akachagua palipoandikwa kushikilia badala ya zamu, akazima.

Taa zote zikafa. Nyumba ikawa kimya kiasi cha kusikia upepo ukifanya kazi kwenye bati.

Kile kimya Hilaria alikijua. Ni kile kile cha jioni, Sharon akishaondoka. Ni kile kilichokuwa sikioni mwake kati ya kuchomeka kamba na mtu wa pili kuitika. Aliwasha tena, akasimama mbele ya kabati akiwa na simu mkononi, akiangalia mahali taa zinapowaka, na ng'ambo binti yake labda alikuwa akiitwa jina. Huko wangemwita Sista Maria wa Utulivu. Jina ambalo mama hakulichagua, wala hakuwahi kulitamka. Labda sasa anapiga magoti. Labda ameshasema. Babu yake alikuwa akiinama hivi kwenye mabomba, akisikiliza pumzi. Lakini babu yake alisikiliza upepo uliokuwa hapo hapo mbele yake.

Taa moja ikapepesa. Ikafuata ya pili.

"Ingieni," Hilaria akasema. "Taratibu, mmoja baada ya mwingine, ruta iwahesabu mnapoketi."

Wakaingia. Polepole, lakini wakaingia. Wa modemu walikuwa nyuma ya wa dishi, na ilionekana wazi, na hakuna aliyesema ni upendeleo, kwa kuwa hakuna aliyetolewa tena. Abel aliweka namba yake ya uhakiki, mtandao ukakubali kwamba ni yeye. "Nimetambulika!" akapiga kelele. "Kumbe mimi ni mimi!" Msichana wa kitenge akapata kiti.

Hilaria mwenyewe aliangukia modemu. Angeweza kuizima kompyuta na kuiwasha tena apate dishi. Hakufanya. Aliona picha ikijikokota, ikivunjika vipande vya rangi, na akajua kwamba picha hunywa kuliko wote chunguni. Akaifunga picha, akaacha sauti peke yake. Sauti hunywa kidogo. Akachukua spika za masikio, akazivaa juu ya kitambaa cha harusi, kama zamani, mgongo wima, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto.

Akasikia padri akisema maneno ya nchi ile. Akasikia watu wakikohoa, maana hata huko watu hukohoa kanisani. Akasikia kimya. Kisha hatua za miguu juu ya mawe. Kisha sauti ya mwanamke, ndogo, iliyopita mahali pengi kabla ya kufika nyuma ya soko la Sumbawanga, ikisema kwa lugha ambayo Hilaria hajui hata salamu yake.

Lakini alikuwa mtu wa ubao wa simu. Sauti alizijua kabla ya maneno. Ile ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila pumzi, tangu alipougua kifua akiwa mtoto, wakati wa baridi kama hii, akafungwa mgongoni kwa kitenge usiku na mchana mpaka kikaachia.

Neno likaisha. Hilaria akasimama, spika za masikio zikiwa bado masikioni, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele.

Alikipiga kirefu, cha mama wa harusi, cha kufungua njia. Duka zima liliganda. Vijana walimgeukia, mikono juu ya vibao vya herufi. Hakuna aliyejua ni cha nini. Hakuna shangazi wa kupokea, hakuna majirani, hakuna ngoma. Kilifika mwisho wake peke yake, kikaanguka. Akavuta pumzi, akapiga cha pili. Na hapo Sharon, ambaye machozi yalikuwa yamemtoka zamani, akapokea kutoka kwenye fotokopi. Wawili tu.

"Bibi amechaguliwa chuo," Abel akanong'ona. Mwenzake akampiga kiwiko anyamaze.

Hilaria aliketi, akavua spika za masikio, akazikunja waya zake kwa utaratibu. Simu ilikuwa bado imeshikana na Mwimbi.

"Nimekisikia, mama," Edwin akasema. "Wameacha kunywa wote hapa."

"Niliwahi?"

Edwin hakuwa mtu wa kudanganya wazee. "Mama, kinachorushwa hivi huja nyuma kidogo ya chenyewe. Ulipolisikia neno lake, kule lilikuwa limeshapita. Kidogo tu."

"Basi kimechelewa."

"Kidogo tu, mama."

"Kutoka Ufipa ni kitu gani kimewahi kufika saa yake," Hilaria akasema, akamshukuru, akawasalimu wa Mwimbi, akakata.

Vijana walimaliza mmoja mmoja wakaondoka. Msichana wa kitenge alimaliza, akapiga goti kidogo, akasema asante. Abel alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni kama anayetaka kuuliza, akatazama kile kitambaa cha harusi, akasema tu, "Bibi, hongera," akaenda zake kutafuta lori la kumshusha Muze.

Sharon alifagia. Hilaria alibaki kwenye kiti cha dirishani. Kompyuta ilikuwa imezimwa, naye alikuwa akiitazama vivyo hivyo.

"Shangazi," Sharon akasema, "Monika atajuaje kama ulipiga?"

Ndilo swali ambalo Hilaria alikuwa amelikalia muda wote ule. Njia ile ya ibada ilikuwa ya kusikiliza tu, haikuwa na mdomo. Kigelegele kilitoka mlangoni, kikapita juu ya vibanda vya soko, kikaishia kwenye upepo. Monika alisema neno lake mbele ya watu wa ugenini, akasikiliza, hakusikia kitu. Sasa hivi labda anakula chakula chake kimya, akijua alivyotoka. Au akidhani anajua.

"Krismasi atapiga," Sharon akasema. "Utamwambia."

"Mimi? Nimwambie nini, kwamba nilipiga? Mwenye kupiga hajisemei. Umewahi kusikia wapi mama anamwambia binti, nilikupigia kigelegele? Anayesema ni aliyepokea. Aliyepokea ndiye shahidi."

Sharon akasimamisha ufagio.

Hilaria alifungua mfundo wa kitenge chake, akatoa ufunguo wa kabati la chuma, akauweka juu ya meza kati yao. "Krismasi wateja hawapo, lakini watu wote wa mji wanapigia ndugu zao, mnara unachoka. Utakuja asubuhi, utafungua, utaangalia njia ipi ina nafasi. Akipiga, utapokea wewe. Umshike kwenye njia hiyo moja mpaka amalize, usimhamishe hata kama nyingine imependeza. Mimi nitakuwa uani na ulezi wangu. Na usimwambie harakaharaka kama mtu anayetupa mzigo. Muulize kwanza kama huko kuna baridi."